Kompyuta Inayowaka Leo na Kugoma Kesho: Somo kwa Kamati za Usharika

Katika somo la robo hii tunashughulikia jambo linaloonekana dogo, lakini linalokula fedha za sharika kimyakimya. Ni ile kompyuta ya zamani ya ofisi ambayo leo inawaka bila shida, kesho inagoma, na keshokutwa inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kompyuta iliyokufa kabisa haina fumbo kubwa. Fundi anaipima hatua kwa hatua mpaka anafika penye kosa. Inayogoma mara mojamoja ndiyo inayosumbua, kwa sababu fundi akifika inawaka. Hapo watu huanza kubahatisha, na kila bahati nasibu ina gharama yake.

Baada ya somo hili tunatarajia kamati iweze kufanya mambo matatu: kulinda kumbukumbu za usharika kabla ya matengenezo yoyote, kumpa fundi maelezo yanayofaa, na kuamua kwa haki kama mashine itengenezwe au iachwe.

1. Kwa nini jambo hili ni la kamati

Kompyuta nyingi tunazozungumzia zilifika sharikani miaka ya 2000, na baadhi zilikuwa tayari zimetumika Ulaya au Marekani. Ndani yake yamo majina ya waliobatizwa na waliopata kipaimara, ahadi na sadaka, na hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Hapa Kirumba wanachama wengi wa vikundi hivyo wanaishi kwa biashara ya samaki na dagaa pale Mwaloni. Mkopo wa mwanachama unaweza kuwa ndio mtaji wake wote. Kumbukumbu za marejesho zikipotea, aliyelipa na asiyelipa wanakuwa sawa, na ugomvi unaozuka hapo hauponi kwa kununua kompyuta mpya.

Hatari kubwa si kompyuta kugoma. Hatari ni yale tunayoyafanya kwa haraka inapogoma. Mafundi wengi wa mitaani wana dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni "kupiga Windows", yaani kufuta na kuweka upya programu kuu. Kazi hiyo ina mahali pake, lakini ikifanywa bila kunakili mafaili kwanza inaweza kufuta hesabu za miaka kumi kwa saa moja. Tena, kama kosa liko kwenye umeme, haitasaidia chochote.

2. Kosa linalokuja na kuondoka lina kawaida yake

Neno "wakati mwingine" ndilo linalotupotosha. Tukisema kompyuta inagoma "wakati mwingine", tunakuwa tumekata tamaa ya kujua ni wakati gani. Vifaa havina hasira wala kisirani. Kuna kinachobadilika: joto, unyevu, nguvu ya umeme, mtikisiko, au muda ambao mashine imekaa bila umeme. Kazi yetu ya kwanza ni kutafuta kinachobadilika.

Ukanda wetu wa ziwa una mazingira yake. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi huingia ndani ya mashine na kuziba njia za hewa. Mvua zikianza, hewa ya ziwani huwa na unyevu, na vumbi lililolowa unyevu linaweza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi na kufuata taa usiku, hunasa kwenye feni. Mijusi na mende nao hupenda sehemu yenye joto, na joto liko kwenye pawa saplai.

Kuna pia umeme wenyewe. Kiwango chetu ni volti 230, lakini saa za jioni, watu wengi wanapotumia umeme kwa pamoja, soketi inaweza kutoa pungufu. Mashine changa huvumilia upungufu huo, bali iliyozeeka inaweza kushindwa.

3. Daftari kabla ya bisibisi

Kabla ya kumwita fundi, tunashauri ofisi iwe na daftari la kawaida la shule, liwekwe kando ya kompyuta. Kwa siku kumi za kazi, anayewasha mashine aandike:

- tarehe na saa;
- kama ni mara ya kwanza kuwashwa siku hiyo, au ilizimwa muda mfupi uliopita;
- hali ya hewa, na kama umeme ulikatika usiku;
- alichoona na kusikia: taa, feni, milio, picha kwenye monita;
- tarehe na saa inayoonyeshwa na kompyuta yenyewe;
- alijaribu mara ngapi ndipo ikawaka;
- kama kuna kitu kilichobadilishwa au kuhamishwa.

Siku ambazo imewaka vizuri nazo ziandikwe. Ukiandika siku mbaya peke yake huna cha kulinganisha.

Katika siku hizo kumi lipo jambo lisilosubiri. Mara tu kompyuta itakapowaka, isizimwe kabla ya mafaili muhimu kunakiliwa. Nakala ziwe mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta tofauti, na moja isikae katika ofisi hiyohiyo. Nakala zifunguliwe kwenye mashine nyingine ili kuhakikisha zinasomeka. Kama hesabu ziko katika programu ya zamani isiyopatikana kwingine, karani azitoe pia katika muundo wa jedwali la kawaida. Salio la kila mwanachama lichapwe kwenye karatasi, na mhazini na mwenyekiti waweke saini.

4. Kompyuta inaamka kwa hatua

Ukibonyeza swichi ya lile boksi ambalo wengi tunaliita CPU, mambo hufuatana kwa utaratibu. Kwanza pawa saplai hubadili umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Umeme huo ukishatulia, pawa saplai hutuma ishara kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu, katika muda usiozidi nusu sekunde. Bila ishara hiyo mazabodi haianzi kazi. Ikiipata, inapima RAM, inawasha picha, inatafuta diski kuu, na mwisho kabisa inaanza kusoma Windows.

Kwa hiyo mahali inapokwama panatuambia mengi:

A. Hakuna dalili yoyote, au feni inazunguka kidogo na kusimama. Tunashuku njia ya umeme: soketi, waya, UPS, swichi, pawa saplai.

B. Feni zinazunguka lakini monita ni nyeusi, au kuna milio. Tunashuku RAM, kadi ya picha, mazabodi, au pawa saplai isiyotoa umeme uliotulia.

C. Picha inatokea, kisha inakwama. Tunashuku betri ndogo, diski kuu na nyaya zake, au Windows yenyewe.

Ni katika hali ya C peke yake ambapo kupiga Windows kunaweza kuzungumzwa, na hata hapo baada ya kunakili mafaili na kuipima diski.

5. Washukiwa, kuanzia wa bei nafuu

Kanuni yetu ni kuanza na lisilogharimu kitu, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na mashine ikawaka, hujui ni kipi kilichosaidia, na umelipia vyote.

Onyo kabla ya kufungua: chomoa waya ukutani. Kuzima kwa swichi ya mbele hakutoshi, kwa kuwa kompyuta za aina hii hubaki na umeme wa kusubiri muda wote zikiwa zimechomekwa. Baada ya kuchomoa, bonyeza swichi ya mbele mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha boksi ili mwili usipeleke umeme tuli kwenye saketi. Pawa saplai yenyewe isifunguliwe na mtu yeyote asiye fundi, kwa sababu ndani yake hubaki umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

*Soketi, waya na UPS.* Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku kadhaa bila UPS. UPS ambayo betri yake imekufa inaweza yenyewe kuwa chanzo cha kugoma. Kwa kompyuta iliyotoka Marekani, angalia nyuma kama ina swichi ndogo ya volti 115 na 230. Lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka hapa kwetu, pawa saplai inaungua.

*Vumbi.* Toa vumbi kwa brashi laini na kavu ya rangi, nje ya ofisi. Zuia feni isizunguke wakati wa kusafisha.

*RAM.* Chomoa kadi za RAM, futa meno yake ya shaba kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, kisha zirudishe mpaka vishikio vilie. Kutu nyembamba kwenye meno hayo ni chanzo kinachofahamika cha kugoma kwa kubahatisha.

*Betri ndogo.* Kwenye mazabodi kuna betri ya duara ya volti 3, kwa kawaida aina ya CR2032. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati kompyuta haina umeme. Ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi na mashine hukuomba ubonyeze F1. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo ianze kabla ya vipuri vikubwa.

*Kapasita.* Hivi ni vikopo vidogo vya duara kwenye mazabodi na ndani ya pawa saplai, vinavyotuliza umeme. Kilicho kizima kina kichwa bapa. Kikivimba kichwani au kikitoa uchafu wa kahawia, kimekufa. Kompyuta za kuanzia takriban 1999 hadi 2007 zina sifa mbaya katika jambo hili, kwa kuwa kapasita nyingi zilitengenezwa kwa kimiminika kisichofaa. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex zilizokuwa na tatizo hilo. Hata kapasita nzuri huzeeka, kwani kimiminika chake hukauka, na joto huharakisha. Mafundi hukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu.

*Pawa saplai.* Fundi mwenye mita anaweza kuipima ikiwa kazini. Volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Mita ya kawaida haionyeshi mitikisiko ya haraka, hivyo kipimo kizuri hakiisafishi kabisa. Njia ya uhakika zaidi ni kuazima nyingine iliyo nzima na kuijaribu. Tahadhari: baadhi ya kompyuta za zamani zina plagi inayofanana kwa sura lakini nyaya zake zimepangwa tofauti. Azima kutoka kwenye mashine ya aina ileile.

6. Mfano kutoka ofisi moja ya Kirumba

Ofisi moja hapa Kirumba ilikuwa na kompyuta ya mezani iliyobeba hesabu za kikundi cha akina mama. Asubuhi feni zilizunguka, monita ikabaki nyeusi. Baada ya majaribio kadhaa iliwaka, na ikishawaka ilifanya kazi mpaka jioni. Fundi wa kwanza alipofika mchana iliwaka mara moja, naye akashauri kupiga Windows. Wa pili alishauri kununua mazabodi. Kamati ikaomba muda wa kuweka daftari, na mafaili yakanakiliwa.

Daftari la siku kumi lilionyesha mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Kugoma kulitokea mara ya kwanza ya siku tu, hakukutokea hata mara moja baada ya chakula cha mchana. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, majaribio matano au sita, wakati siku nyingine yalitosha mawili. Tena, Jumatatu tarehe ya kompyuta ilirudi nyuma hadi mwaka 2002.

Jumatatu ina nini? Kila Ijumaa jioni ofisi huzima swichi ya ukutani kwa kuhofia radi, na hiyo ni tabia njema. Siku za kati ya wiki mashine hubaki na umeme wa kusubiri. Mwisho wa wiki inapoa kabisa, na saa yake inategemea betri ndogo peke yake.

Walianza na betri. Jumatatu iliyofuata tarehe ilikuwa sahihi, lakini kugoma kuliendelea. Kwa hiyo betri ilikuwa imechoka kweli, ila haikuwa chanzo cha kugoma. Wangebadilisha vitu viwili kwa pamoja wasingejua hilo. Kisha RAM ilisafishwa, na hali haikubadilika. Mwisho waliazima pawa saplai ya mashine ya aina hiyohiyo kutoka ofisi jirani. Wiki nzima, Jumatatu ikiwamo, kompyuta iliwaka kwa jaribio la kwanza. Wakarudisha ile ya zamani, kugoma kukarudi asubuhi iliyofuata. Hapo ndipo kamati iliidhinisha ununuzi, na ikanunua kitu kimoja.

Maelezo yake ni haya. Kapasita zilizozeeka hufanya kazi vibaya zaidi zikiwa baridi. Asubuhi umeme wake hautulii, na mazabodi haipati ishara ya kuanza. Kila jaribio huzipasha kidogo, mpaka jaribio moja linafaulu. Zikishapata joto, zinavumilia kutwa nzima. Ndiyo maana fundi wa mchana hakuona kosa. Kupiga Windows kusingesaidia, kwa kuwa mashine ilikuwa ikikwama kabla haijafika kwenye Windows.

7. Kutengeneza au kuacha?

Kujua kosa hakumaanishi lazima mashine itengenezwe. Tunashauri kamati ipime hivi:

Itengenezwe, ikiwa kosa limethibitishwa, kipuri ni kimoja na cha bei ndogo, na kazi yake ni ya kuandika na kuchapa bila intaneti.

Iachwe, ikiwa kapasita za mazabodi zimevimba na hakuna fundi wa kuzibadilisha kwa uhakika, ikiwa diski kuu inatoa sauti ya kugonga, au ikiwa gharama inakaribia bei ya kompyuta iliyotumika yenye umri mdogo.

Tukumbuke pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Mashine inayoitumia isiunganishwe na intaneti, na flashi zinazoingia ndani yake zikaguliwe. Tunaitengeneza ili itupe muda wa kuhamisha kumbukumbu kwa utulivu. Hatutegemei iishi milele.

Mashine inayoachwa isichomwe moto wala kutupwa ziwani. Monita za zamani za kioo kinene zina madini ya risasi. Diski kuu itolewe kwanza, kwa sababu majina na madeni ya washarika yamo humo.

8. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mlizotuletea. Tunaomba tu kwamba msaada usiishie kwenye boksi. Nchi yetu iliwahi kujifunza hili kwa gharama. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina uliotumia kompyuta kushindwa. Mashine zilikuwapo, lakini uwezo wa kuziendesha ulikuwa haba.

Mchango mdogo unaolipia stabilaiza nzuri, flashi mbili za nakala, betri, pawa saplai moja ya akiba kwa ofisi kadhaa zenye mashine za aina moja, na siku moja ya mafunzo kwa makarani, unaweza kufaa kuliko kompyuta ya pili isiyo na mtunzaji. Na mnapoleta mashine zilizotumika, tafadhali zichagueni za aina moja, ili moja iweze kuipima nyingine.

9. Maswali ya kujadili kwenye kikao

1. Kompyuta ya ofisi yetu ikikataa kuwaka kesho, ni kumbukumbu zipi tutakazozikosa, na nakala zake ziko wapi?
2. Nani ana jukumu la daftari, na nani atalisoma kabla ya fundi kuitwa?
3. Mara ya mwisho tulipolipia matengenezo, tulithibitisha kosa au tulibahatisha?
4. Kuna ofisi jirani yenye mashine kama yetu tunayoweza kushirikiana nayo vipuri?
5. Kamati imeweka kiwango gani cha gharama ambacho, kikipita, tutaacha kutengeneza?

Tunaomba kila kamati ijibu swali la kwanza kwa maandishi katika kikao kijacho, na nakala iwekwe kwenye faili la mhazini. Hayo mengine yanaweza kusubiri siku kumi za daftari. Nakala za kumbukumbu zifanywe siku ya kwanza kompyuta itakapowaka.